Toleo la Mwisho Kabisa

Mwongozo wetu wa dawa za watoto wachanga
ulikuwa na miisho saba.
"Mwisho." "Mwisho mpya." "Mwisho kabisa."
"Mwisho wa Obiero." "Huu ndio, msiguse."
Wa sita haukuwa na jina, ila doa la chai
lenye umbo la figo.
Wa saba ulibandikwa wodi ya wazazi kwa plasta ya kidonda,
na ukuta husadikiwa kuliko mtu.

Hapa Ahero, Nyando ikivimba,
tunapandisha mafaili juu ya kabati kama kuku.
Mimi ni karani wa rekodi. Naujua mstari wa tope
katika kila jalada: maji yalifika hapa, hapa hayakufika.
Karatasi hukiri.
Kompyuta ndiyo tuliyoizoeza kunyamaza:
unaandika juu ya namba, namba ya chini inakufa
bila matanga, bila hata jirani kuuliza.

Usiku ule mvua ilikuwa juu ya mabati.
Chepng'eno alisoma ukutani.
Nyasuna alisoma kwenye simu.
Mtoto, kilo mbili na robo,
alilala kati ya dozi mbili, moja nusu ya mwenziwe.
Walibishana kwa sauti ya chini, sindano imeshavutwa,
na mama akiwatazama mikono
kama mtu anayetazama mizani ya sukari dukani.
Mwishowe wakamwamsha Daktari Khasakhala, Kisumu.
Alitaja namba mara mbili, akakata.
Mtoto akaitwa Akoth. Sasa ana meno mawili.

Asubuhi tulimsaka mwenye kosa
na tukampata upesi, maana hakuwepo:
Obiero, aliyehamishwa Migori.
Asiyekuwepo ana mgongo mpana.
"Ni yeye," nikasema,
na nilisema kwa sauti.

Wiki ya tatu akaja Shiundu kutoka kaunti,
kijana mpole mwenye maneno magumu.
Alichora matawi ubaoni, tukayatazama.
Ni Nyasuna, mwenye nusu eka ya mpunga,
aliyesimama akamnyang'anya chaki.
"Kumbe ni skimu tu! Mfereji mkuu ni mmoja.
Kila mtu achepushe maji shambani kwake,
alime, akosee, avue vyura akitaka.
Lakini maji hayarudi mferejini
mpaka mwingine aje ayaangalie, kisha afungue bamba."
Shiundu akakaa. Hakuongeza kitu.

Tangu hapo waraka ni mmoja.
Ukibadili, unasema nani, lini, kwa nini.
Mwanzoni tuliandika upuuzi:
"Nimerekebisha." "Nimerekebisha tena."
"Chepng'eno amenilazimisha."
Halafu tukaanza kuandika kama watu wanaojua watasomwa.

Ile miisho saba tuliingiza yote, kwa mpangilio wa siku,
hata ya doa la chai, niliyoichapa upya herufi kwa herufi.
Shiundu akabonyeza mahali,
na namba mbaya ikawaka rangi nyekundu,
na kando yake siku: Ijumaa, saa kumi na moja jioni,
na kando ya siku, jina.

Langu.

Nilikumbuka hata gari lililokuwa likinipigia honi nje.
Hakuna aliyesema neno. Feni ilizunguka.
Nyasuna alijifanya anatafuta kalamu.

Niliketi nikaandika sababu, nikafuta, nikaandika:
"Nimerudisha dozi sahihi. Niliyekosea ni mimi,
nikiwa na haraka. Obiero hakuhusika."
Chepng'eno akasoma polepole, midomo ikitembea,
akafungua bamba.

Kisha nikapiga Migori.
Simu iliita, ikaita.

Ule wa ukutani tuliubandua siku hiyohiyo.
Pamebaki mraba mweupe,
na kila mama anayelazwa kitanda cha pili huuliza
hapo palikuwa na picha ya nani.